Ramani ya Mirihi imejaa viraka, je kuna kinachofichwa?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Mkuu, huwa nafungua ramani ya Mirihi kwenye kompyuta napita pita tu. Sehemu moja unavuta karibu mpaka unaona mawe, ukisogea kidogo inakuwa ukungu mtupu, katikati kuna mistari iliyonyooka kama imekatwa na mkasi, na kuna mahali ni peusi kabisa. Jamaa yangu anasema wanafuta makusudi. Ni kweli? Na sisi watu wa kawaida tunaweza kupata picha zenyewe kama zilivyotoka kwenye chombo, au tunapewa zilizochujwa tu?"

Mkuu, hamna anayefuta, na picha zenyewe unazipata, tena bure, bila kujuana na mtu yeyote. Ila jamaa yako simcheki, manake ramani ile kwa jinsi ilivyotengenezwa ni lazima imtie wasiwasi mtu mwenye macho, na waliotengeneza programu za kuiangalia wengi hawahangaiki kueleza kilichopo nyuma yake. Ngoja niende nayo taratibu.

Kitu cha kwanza, unachokiona sio picha ya Mirihi. Ni makumi ya maelfu ya vipande, vimepigwa na kamera tofauti, miaka tofauti, misimu tofauti, vikapangwa vikashikanishwa. Chini kabisa mara nyingi wanaweka zile za vyombo vya Viking za kuanzia 1976, ambazo zikiunganishwa pikseli moja ni kama mita 231 za ardhi, yaani uwanja mzima wa mpira hautoshi hata nukta moja. Juu yake wanaweka za kamera inayoitwa CTX, pikseli moja mita 5 au 6. Juu ya hapo tena, kwa bahati bahati tu, vinakuja vipande vya kamera kali zaidi, HiRISE, ambapo pikseli moja ni sentimita 25 au 30. Kwa hiyo ukitoka kwenye kipande cha HiRISE ukakanyaga nje, umeshuka kutoka sentimita 30 kwenda mita 6 kwa hatua moja. Ule ndo ukungu anaouona jamaa yako.

Sasa swali linakuja, kwa nini wasipige sayari yote kwa HiRISE tukamaliza? Hapa ndo penye utamu wenyewe.

HiRISE na CTX zote zimebebwa na chombo kimoja, Mars Reconnaissance Orbiter (MRO), kilichoruka Agosti 2005 na kufika Machi 2006. Kinazunguka kikiwa juu kama kilomita 300 hivi, kikipita karibu na ncha zote mbili, mzunguko mmoja ni kama dakika 112. Kamera zake hazipigi kama kamera ya simu, fremu nzima kwa mpigo. Zina mstari wa sensa, na chombo kinavyosonga mbele ndo picha inajengeka mstari baada ya mstari, sawasawa na skana ya ofisini inavyopitisha taa juu ya karatasi. Ndo maana kila picha ni utepe mrefu mwembamba, na kingo zake zimenyooka vile. Huo ndio mkasi wako. Wa HiRISE una upana wa kama kilomita 6, wa CTX kama kilomita 30.

Chukua kalamu tupige hesabu kidogo. Chombo kinapita juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde. Kama unataka kila pikseli iwe sentimita 25, basi kila mstari unapata muda chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, baada ya hapo chombo kishasogea. Mwanga unaoingia kwa muda huo hautoshi kabisa, picha ingekuwa giza. Walichofanya ni kuweka safu nyingi za sensa, mpaka 128, na ile chaji ya umeme iliyokusanywa na safu ya kwanza inahamishwa kwenda ya pili, ya tatu, kwa mwendo uleule wa ardhi inavyopita chini, kwa hiyo jiwe moja linatazamwa mara 128 na mwanga wake unajumlishwa. Mimi kila nikiwaza hii kitu nashangaa upya, manake chombo kikiyumba hata kidogo tu wakati huo picha inapinda.

Na picha ya urefu wa kilomita 12 inaisha kupigwa kwa kama sekunde 4. Kupiga sio kazi. Kazi ni kuituma nyumbani.

Upana wa pikseli 20,000 mara urefu wa 40,000, hiyo ni pikseli milioni 800 kwa picha moja. Umbali kati yetu na Mirihi unabadilika kutoka kama kilomita milioni 55 mpaka milioni 400, na Mirihi ikiwa upande wa pili wa Jua spidi ya chombo kutuma data inashuka mpaka kama nusu megabiti kwa sekunde. Kwa spidi hiyo picha moja kubwa inakula masaa, na hapo kuna vifaa vingine kwenye chombo vinasubiri zamu, na kuna vigari kule chini navyo vinatumia chombo hichohicho kurusha taarifa zao. Uso wa Mirihi ni kilomita za mraba karibu milioni 145, karibu sawa na nchi kavu yote ya Dunia. Kipande kimoja cha HiRISE cha 6 kwa 12 ni kilomita za mraba 72. Gawanya mwenyewe, unahitaji picha milioni 2 zisizorudiana, na wao wanalazimika kurudia maeneo mengi makusudi ili waone kilichobadilika. Kwa hiyo miaka yote hii HiRISE imefunika asilimia chache tu ya sayari, na haitaimaliza, haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

CTX ndo imefanya kazi ya kufunika sayari. Mwaka 2023 timu ya maabara moja ya chuo cha Caltech ikiongozwa na Jay Dickson ilitoa ramani nzima iliyounganishwa kutoka picha za CTX karibu 110,000, jumla pikseli trilioni 5.7. Kompyuta iliunganisha sehemu kubwa, ila kulikuwa na picha kama 13,000 ambazo programu ilishindwa kuzipata mahali pake, zikabidi zioanishwe kwa mkono na macho ya binadamu. Huwezi kuamini lakini ndo kazi ya ramani ilivyo.

Na hapa nataka nikuambie kitu kuhusu ile mistari. Picha mbili zinazopakana zinaweza kuwa zimeachana miaka 6, moja imepigwa hewa ikiwa safi, nyingine vumbi limejaa angani, au moja ardhi ina barafu nyembamba ya msimu na nyingine haina. Ukiziweka pamoja lazima kuwe na mstari. Mtengenezaji ana njia mbili: afifishe kingo, achanganye rangi, mstari upotee na ramani ipendeze, au auache mshono na aandike kila pikseli imetoka kwenye picha ipi. Timu ya Dickson walichagua ya pili, kila mshono umerekodiwa, unaweza kubonyeza ukajua picha mama ni ipi. Programu nyingi za kuangalia tu zinachagua ya kwanza. Mimi nakuambia wazi, ramani isiyo na mshono hata mmoja ndo ya kuitilia shaka, sio yenye viraka. Kwenye ile laini unaweza ukakuta kilima ambacho nusu yake ni ya 2008 na nusu ya 2017, na hujui.

Sehemu nyeusi nazo zina sababu zake, na ni za kawaida mno. Nyingine hakuna data tu, utepe mmoja uliishia hapa na mwingine ukaanzia pale. Nyingine pakiti za data zilipotea njiani. Karibu na ncha, nusu ya mwaka ni usiku, na kamera hizi zinategemea mwanga wa jua. Na kuna vipindi kama 2018 ambapo dhoruba ya vumbi ilifunika sayari nzima (ndio ile iliyoua kigari cha Opportunity), picha za kipindi hicho nyingi hazifai kutengenezea ramani. Hata Mariner 9, chombo cha kwanza kuizunguka sayari nyingine, kilifika Novemba 1971 kikakuta dhoruba, ikabidi wakiambie kisubiri, kinachoonekana ni vilele vichache tu vimetokeza juu ya vumbi. Vumbi lilipotulia ndo wakagundua vile vilele ni volkano kubwa ajabu.

Sasa kuhusu kuficha. Najua jamaa yako atakuja na ule uso wa Mirihi, wote huwa wanafika hapo, kwa hiyo tuumalize kabisa.

Tarehe 25 Julai 1976, Viking 1 ilikuwa inapiga eneo la Cydonia kutafuta mahali pa kutua mwenzake Viking 2. Kwenye fremu moja kukawa na kilima chenye urefu wa kama kilomita 2 kinachofanana na uso wa mtu. Waliotoa hiyo picha kwa umma ni NASA wenyewe, siku chache baadae, na maelezo yaliyoambatana nayo yalisema wazi ni vivuli vinafanya ionekane hivyo. Yaani kitu kinachotajwa miaka yote kama siri, kilitolewa na haohao. Ukiitazama ile picha ya asili kwa karibu utaona imetapakaa vidoti vyeusi kila mahali, hata kwenye tambarare. Vile ni pikseli zilizopotea wakati wa kutuma. Na kimoja kimeangukia pale pale kwenye pua, kikawa tundu la pua! Jua nalo lilikuwa chini, upande wa pili wa kilima wote uko gizani, ubongo wako ukajazia lililobaki.

Aprili 1998 chombo cha Mars Global Surveyor kikapita hapo kikapiga kwa ukali zaidi, watu wakasema kulikuwa na mawingu. Aprili 2001 kikapiga tena hali ya hewa ikiwa nzuri, pikseli moja chini ya mita 2, ni kilima kilicholiwa na mmomonyoko, basi. Na 2007 HiRISE nayo ikapita. Faili la HiRISE linaitwa PSP_003234_2210, nalitaja makusudi manake nitakufundisha kulisoma sasa hivi.

Majina ya picha za HiRISE yanaonekana kama takataka lakini yanasema kila kitu. PSP ni kipindi cha kwanza cha kazi, mpaka 2008, za baada ya hapo zinaanza na ESP. Namba ya katikati ni mzunguko, kwa hiyo hii ilipigwa kwenye mzunguko wa 3234. Ya mwisho ni mahali kwenye mzunguko huo: 1800 ni ikweta. Toa 1800 kwenye 2210 unabaki na 410, hizo ni sehemu za kumi za digrii, kwa hiyo nyuzi 41 kaskazini. Ikiwa chini ya 1800 ni kusini. Picha za kreta ya Gale kilipo kigari cha Curiosity zinaishia 1755, nyuzi 4.5 kusini. Za kreta ya Jezero kilipo kigari cha Perseverance zinaishia 1985, nyuzi 18.5 kaskazini. Ukishajua hivi, mtu akikutumia picha ya "mlango" au "sanamu" bila namba ya faili, mwambie alete namba kwanza ndo muongee.

Turudi kwenye swali lako la pili, tunapata zenyewe au zilizochujwa. Unapata zote, ila nakuonya, ukizipata zenyewe utasikitika. Data ghafi ya picha moja ya HiRISE inakuja kwenye vipande mpaka 28, kwa sababu kamera ilitengenezwa na sensa 14 na kila moja inatoa data kwa njia mbili. Kila kipande kina mistari mistari, kimoja kina giza zaidi ya mwenzake, na havijapangwa. Hiyo ndo jinsi ilivyotoka. Kinachofuata ni kurekebisha tofauti ya kila sensa, kuunganisha, kunyoosha kufuata umbo la sayari na kuweka kaskazini juu. Toleo hilo lililonyooshwa ndo watu wengi wanalitumia, na wanasayansi wenyewe hilohilo. La tatu ni ile picha ndogo ya JPEG ya kuweka mtandaoni, hiyo ndo imebanwa, na hiyo ndo watu wanaikuza mara 10 afu wanakuta "majengo" ya miraba miraba. Miraba hiyo ni ya JPEG, mkuu.

Zote zinakaa kwenye hifadhi ya NASA inayoitwa Planetary Data System, wengi wanasema PDS tu. Kwa kawaida kila misheni inajifunga kabla hata ya kuruka kwamba data zitaingia humo, mara nyingi ndani ya miezi 6. Hiyo miezi 6 ndo pekee unayoweza kusema "wanakaa nazo", na kazi yake kubwa ni kupima sensa, kurekebisha makosa na kuandika maelezo. Kabla data hazijapokelewa zinakaguliwa na watu wengine, na kila faili linakuja na lebo ya maandishi ya kawaida inayosema limepigwa lini, kutoka umbali gani, jua lilikuwa wapi. Format zenyewe wanazichagua ziwe rahisi kusudi mtu wa miaka 50 ijayo aweze kuzifungua hata kama programu za leo zimekufa.

Kuna umuhimu gani? Angalia Zuhura. Chombo cha Magellan kiliizunguka kuanzia 1990 mpaka 1994, kikafunika asilimia 98 ya uso wake kwa rada, manake mawingu ya kule kamera ya kawaida haioni kitu. Data zikawekwa. Mwaka 2023 mtafiti Robert Herrick akatangaza kwamba amekaa akalinganisha picha za eneo moja zilizopigwa Februari 1991 na Oktoba 1991, karibu na volkano ya Maat Mons, na tundu moja la volkano lilikuwa limekua kutoka kama kilomita za mraba 2 mpaka karibu 4 na kubadilika umbo. Ushahidi kwamba volkano za Zuhura ziko hai ulikuwa umelala kwenye hifadhi ya wazi zaidi ya miaka 30, mtu yeyote angeweza kuufungua! Shida ilikuwa kazi ya macho, manake rada ilipiga kila mara kutoka upande tofauti na kilima kikitazamwa kutoka kulia hakifanani na kikitazamwa kutoka kushoto, kompyuta hazijui kulinganisha hivyo vizuri.

Na sio maprofesa tu. Septemba 2019 chombo cha India cha kutua Mwezini, Vikram, kilipotea dakika za mwisho. Chombo cha NASA kinachozunguka Mwezi kikapita, picha zikawekwa wazi, wenyewe hawakukiona. Injinia mmoja wa Chennai, Shanmuga Subramanian, akashusha picha za kabla na za baada akazilinganisha kipande kwa kipande, akaona kinukta cheupe ambacho mwanzo hakikuwepo, akawaandikia NASA. Wakapitia wakapiga picha nyingine, na Desemba 2019 wakatangaza kwamba kweli ni mabaki, wakamtaja jina. Sasa niambie, anayeficha vitu anatoa picha za kabla na za baada ili watu wamkosoe?

Kwa nini ni bure? Sehemu ni sheria, kazi ya serikali kuu ya Marekani kule kwao haiwekewi hakimiliki. Sehemu ni kwamba hakuna soko, hakuna anayenunua shamba Mirihi. Cha kuchekesha ni kwamba picha za Dunia zenye ukali huohuo wa sentimita 30 ni biashara, unalipia, na hata zile za satelaiti za Landsat za mita 30 zilifunguliwa bure kabisa 2008 tu. Kwa hiyo una uhuru zaidi wa kuchungulia bonde la Mirihi kuliko la hapa duniani. Ulaya nao wako vizuri, picha za kamera ya HRSC ya chombo chao cha Mars Express unaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha ila lazima utaje wenyewe, ESA/DLR/FU Berlin, na ukitengeneza chako uachie kwa masharti hayohayo. China walitoa ramani ya rangi ya sayari nzima Aprili 2023, mita 76 kwa pikseli. Sio kila shirika linatoa haraka wala kwa urahisi uleule, hilo nakubali, na kama jamaa yako anataka kulalamika alalamikie hapo.

Rangi nigusie kidogo tu. HiRISE ina rangi kwenye ukanda wa katikati tu wa kama kilomita 1.2, na moja ya rangi hizo ni ya miali ambayo jicho halioni. Kwa hiyo yale matuta ya mchanga ya bluu unayoyaona sio ya bluu, ukisimama pale utaona kijivu cheusi. Sio uongo, ni njia ya kutenganisha aina za miamba, ila wanaosambaza picha hawasemi.

Na urefu wa milima haukutoka kwenye picha, ulipimwa kwa leza. Kifaa cha MOLA kwenye Mars Global Surveyor kilirusha leza zaidi ya mara milioni 600 kati ya 1999 na 2001, kinapima muda wa mwanga kwenda na kurudi. Karibu na ikweta njia zake zimeachana kilomita kadhaa, katikati yake ni makadirio, kwa hiyo ukiwasha ramani ya vimo ukaona mifereji myembamba iliyonyooka kaskazini kusini, usitangaze umegundua barabara.

Ukitaka kuanza mwenyewe, fanya hivi. Shusha JMARS, ni programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Arizona State, inaweka tabaka zote juu ya ramani moja na inakuonyesha mipaka ya kila picha iliyowahi kupigwa mahali hapo. Hiyo peke yake itamaliza nusu ya ubishi wenu, manake ataona viraka ni mipaka ya tepe. Ukipata namba ya picha nenda kwenye tovuti ya HiRISE, chukua faili la JP2, fungua na programu ya HiView, nayo bure. Usifanye hivi na simu yenye bando dogo, faili moja linaweza kuwa mamia ya megabaiti, mengine yanapita gigabaiti. Kama tayari unajua QGIS, programu ya ramani, itakusaidia kupima umbali na kuchora. Kuna programu ya ISIS ya wale wa USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, kule Flagstaff, hiyo ndo wanatumia wanaotaka kuanzia kwenye data ghafi, ila hapo ujipange, sio kitu cha jioni moja.

Mitego miwili. Ya kwanza ni longitudo. Ramani za zamani za Mirihi zilihesabu kwenda magharibi, za siku hizi zinahesabu kwenda mashariki, 0 mpaka 360. Ukichukua namba kwenye kitabu cha miaka ya 70 ukaiingiza kwenye programu ya leo utatua upande mwingine kabisa wa sayari, afu utasema wamekifuta. (Hiyo sifuri yenyewe ni kakreta kadogo ka nusu kilomita, Airy-0, alikachagua Merton Davies kwenye picha za Mariner 9, kwa heshima ya George Airy ambaye darubini yake ya Greenwich ndo iliweka sifuri ya Dunia.) Ya pili ni mashimo kugeuka vilima machoni. MRO inapita mchana kama saa 9 hivi kwa saa za kule, kwa hiyo jua liko magharibi, na picha ikiwa kaskazini juu mwanga unatoka kushoto. Ukuta wa kushoto ukiwa na giza na wa kulia unang'aa, hilo ni shimo. Ikiwa kinyume, ni kilima. Ukikariri hiyo utaokoa aibu nyingi.

Na kama mahali unapopataka hapana HiRISE, omba. Kuna mpango unaitwa HiWish, ulianza 2010, mtu yeyote anajaza fomu, anaweka mahali kwenye ramani na kueleza kwa nini pana maana. Maombi yanapangwa pamoja na ya wanasayansi, hawakuahidi kitu na unaweza kusubiri sana, ila yakipita chombo kinageuzwa kinapiga ulipotaja na picha inaingia hifadhini kama nyingine zote. Kabla hujatuma angalia CTX ya hapo ili ujue unachokitaka hasa, na usiwe na tamaa. Ukiandika tu "naomba picha ya Valles Marineris", lile bonde lina urefu wa kilomita 4,000 na kamera inaona upana wa 6. Chagua poromoko moja, au kona moja ya ukuta, sema unataka kuona tabaka gani.